Kadama wa Kenya riyali 900, wa Ufilipino 1,500: kwa nini kazi moja ina bei mbili?

Wiki iliyopita tulipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa mzee mmoja wa Ganze. Binti yake ameitwa na ajenti Mombasa akatie sahihi mkataba wa kazi za nyumbani Riyadh, Saudi Arabia. Mkataba ni wa miaka miwili, mshahara riyali 900 kwa mwezi. Mzee haogopi safari, maana majirani zake wawili wana watoto huko. Kinachomkera ni jambo aliloambiwa na mmoja wa watoto hao. Katika nyumba anayofanyia kazi kuna dada kutoka Ufilipino. Wanapika jiko moja, wanalala chumba kimoja, na huyo mwenzake analipwa riyali 1,500.

"Wanangu," mzee akatuuliza, "huyo Mfilipino ana mikono minne?"

Tulilirusha swali hilo hewani na simu hazikukoma. Muda wa kipindi ulituishia, ndiyo sababu tumeandika maelezo haya, myasome polepole na kumsomea jirani asiye na simu ya intaneti.

Tuanze na hesabu. Riyali 3.75 ni dola moja ya Marekani, na kiwango hicho hakipandi wala kushuka kwa sababu Saudia imeifunga sarafu yake kwa dola. Kwa hivyo riyali 900 ni dola 240, sawa na kama shilingi 31,000 za Kenya. Riyali 1,500 ni dola 400, kama shilingi 51,600. Tofauti ni zaidi ya shilingi elfu 20 kila mwezi, na kwa miaka miwili inakaribia laki tano. Hapa kwetu laki tano ni msingi, kuta na mabati.

Hizo dola 400 hazikuanguka kutoka mbinguni. Saudia haina kima cha chini cha mshahara kwa wafanyakazi wa nyumbani kutoka nje. Sheria yake kuu ya kazi haiwahusu, wamewekewa kanuni zao kando. Raia wa Saudia anayefanya kazi katika kampuni binafsi huhesabiwa kamili kwenye mpango wa ajira za wazawa pale tu mshahara wake unapofika riyali 4,000. Kadama mgeni hana kiwango cha namna hiyo. Malipo yake ni yale yatakayokubaliwa, na mvutano wa kwanza si kati yake na bosi. Ni kati ya serikali ya kwao na ya huko aendako.

Ufilipino ililielewa hilo mapema. Mwaka 2006 iliamua kwamba mwananchi wake hataruhusiwa kusafiri kwenda kufanya kazi za nyumbani kwa mshahara ulio chini ya dola 400, na kwamba asitozwe ada ya kutafutiwa kazi. Waajiri walilalamika. Katikati ya mwaka 2011 mvutano ulifika kileleni: Saudia ikatangaza kwamba haitatoa tena viza kwa wafanyakazi wa nyumbani kutoka Ufilipino na Indonesia. Hebu fikiria shinikizo lililokuwa Manila, familia nyingi zikiishi kwa pesa za kutoka Ghuba. Mlango ulibaki umefungwa zaidi ya mwaka mzima. Ulipofunguliwa mwishoni mwa 2012, dola 400 zilikuwa palepale. Mei 2013 nchi hizo mbili zikatia sahihi makubaliano kuhusu wafanyakazi wa nyumbani.

Tusiwapambe Wafilipino kupita kiasi. Wapo waliofika wakakuta mkataba mwingine umewekwa mezani, wenye mshahara mdogo kuliko ule waliotia sahihi kwao, na wapo walionyang'anywa pasipoti kama wetu. Ila mwenye kiwango kilichoandikwa ana pa kushika anapokwenda kulalamika ubalozini.

Kenya nayo ilijaribu kufunga mlango. Mwaka 2014 serikali ilifuta leseni za mawakala wa kupeleka watu Mashariki ya Kati. Wenye shida hawakungoja, wengine walipitia nchi jirani bila karatasi za maana. Baadaye mlango ukafunguliwa tena. Kwa maoni yetu, tofauti na Manila ni hii: wao walifunga wakiwa na bei mkononi, sisi tulifunga kwa hasira na uchungu, tukafungua bila bei.

Wapo wanaosema tofauti hiyo ni ya ujuzi, kwamba Mfilipino ana mafunzo na Kiingereza. Hoja hiyo ina ukweli kidogo kwa yule mwenye uzoefu wa miaka. Lakini kiwango cha dola 400 kiliwekwa hata kwa Mfilipino anayesafiri kwa mara ya kwanza, na binti zetu nao hupitia mafunzo ya kazi za nyumbani kabla ya kusafiri, na Kiingereza wamekisoma shuleni. Kinachopewa bei hapo ni pasipoti.

Hoja nzito zaidi ni ile aliyotupigia simu nayo mwalimu mmoja wa Kaloleni. Alisema Kenya ikidai dola 400 peke yake, mawakala watahamia Uganda, Burundi au Ethiopia. Ni kweli. Uganda ina makubaliano yake na Saudia, na Burundi ilitia sahihi yake mwaka 2021. Kila nchi imekwenda peke yake, na mnunuzi anayeona wauzaji watano wakishindana sokoni hana haja ya kuongeza bei. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina mawaziri wanaokutana mara kwa mara. Tungependa kusikia kima cha pamoja cha mshahara kikiwa ajenda yao.

Wala si ndoto. Kuanzia tarehe 20 Machi 2021, Qatar, jirani wa Saudia, ina kima cha chini kimoja kwa wafanyakazi wote, wa nyumbani wakiwemo, bila kujali taifa: riyali 1,000 za Qatar, na juu yake 500 za malazi na 300 za chakula ikiwa mwajiri hatoi vitu hivyo mwenyewe. Riyali 1,000 hizo ni kama dola 275. Si nyingi, ila Mkenya na Mfilipino huanzia ngazi moja.

Sasa turudi kwa zile 900. Mshahara husomwa pamoja na saa. Mwezi Mei 2025 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti kuhusu Wakenya wanaofanya kazi za nyumbani Saudia, baada ya kuzungumza na wanawake zaidi ya 70. Wengi walikuwa wakifanya kazi zaidi ya saa 16 kwa siku, na ukigawanya mshahara kwa saa hizo unapata kama nusu dola kwa saa. Hiyo ni shilingi 65 hivi. Kanuni za Saudia zilizoanza kutumika Oktoba 2024 zinasema kazi isizidi saa 10 kwa siku, na kuwe na siku moja ya mapumziko kila wiki.

Na bado tunaelewa kwa nini binti atataka kwenda. Kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani mashambani hapa Kenya, kwa agizo la Novemba 2024, kiliwekwa kama shilingi 8,600, na wengi wetu tunajua majumba ambamo hata hizo hazilipwi. Sisi tunaomkasirikia bosi wa Riyadh, tumwangalie pia dada anayetufulia.

Mzee wetu tulimpigia simu Alhamisi. Hatukumwambia amzuie binti wala amruhusu. Tulimwambia kwanza athibitishe kwamba ajenti yuko kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Pili, binti asome mkataba akiwa ametulia, aone mshahara umeandikwa kwa riyali, saa za kazi zimetajwa, na siku ya mapumziko ipo. Aulize pia kama mshahara utapitia benki, kwa sababu pesa za mkononi haziachi ushahidi. Kisha apige picha kila ukurasa na kuzituma kwa simu ya babake kabla hajaondoka, maana simu yake yenyewe inaweza kuchukuliwa siku ya kwanza. Na aombe riyali 1,500. Ajenti huenda akacheka.

Mzee alinyamaza kidogo, akasema: "Basi atazitaja. Akicheka, nitataka aniambie mimi kwa nini."

Sahihi ni Jumatano. Amekubali kutupigia siku hiyo jioni.