Majina ya Babu Zetu Tuyaandike Sisi



Kila mtu wa Dar es Salaam aijua Kariakoo. Ni wangapi wajuao kwamba jina hilo limetokana na jeshi la wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza? Babu zetu walibebeshwa risasi na unga mpaka wakafa njiani kwa njaa na maradhi. Nani aliyaandika majina yao? Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Imepita miaka mia ndipo wakakiri! Hayo ndiyo matunda ya kumwachia mwenye bunduki kalamu pia.

Katika Vita vya Pili vijana wetu waliingia Keya. Mwaka 1942 walipelekwa Madagascar. Mwaka 1944 walipigana Burma, katika matope ya bonde la Kabaw, mpaka wakauvuka mto Chindwin. Vita vilipokwisha, bahashishi ya kuagwa jeshini ilipimwa kwa rangi ya ngozi. Mwafrika alipata kidogo.

Wako wasemao, "Vile vilikuwa vita vya Wazungu, vyatuhusu nini?" Sisi hatukubali. Kukumbuka si kusifu. Vita vilikuwa vyao, lakini damu ilikuwa yetu. Na mtu aliyemwona bwana wake akiogopa risasi kama yeye, atasadiki vipi kwamba mmoja ameumbwa kutawala na mwingine kutawaliwa?

Nasi hatuna haki ya kujisifu. Nyumbani kwetu babu alirudi kutoka Burma. Alipoanza kusimulia, tulimkatiza: "Babu, hiyo tumekwisha kuisikia." Karatasi yake ya kuachishwa jeshi imeliwa na mchwa. Leo yeye yu kaburini, wala hatujui jina la rafiki yake aliyemzika kando ya mto. Bibi analijua. Bibi amepita miaka tisini.

Basi kila tawi linunue daftari. Tuwaendee wajane na watoto wa wazee wale. Tuandike jina, kijiji, kikosi na mwaka. Tuandike na yale ambayo mzee hakupenda kuyasema: njaa, viboko, hofu, na fedha alizopunjwa. Tusiongeze ushujaa asiousema. Aliyesimulia naye aandikwe jina. Nakala moja ibaki kwa jamaa, ya pili iwekwe katika tawi.

Tusingoje tume nyingine ije kukiri baada ya miaka mia. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mali yetu hii imebaki vinywani mwa wazee wachache, nao hawatungoji. Sisi tunaanza kwa bibi. Wewe, ndugu, utaanza kwa nani?