Baraza Langu Liko Wapi Kwenye Ramani?

Mgeni akifika Mombasa hupiga picha Mapembeni, kisha huteremka Ngomeni. Sisi tumevizoea hata hatuulizi vilijengwa kwa haja ya nani. Mreno alianza ngome mwaka 1593 kwa mchoro wa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, ili alinde bandari. Mwaka 1698 Waomani wakaitwaa baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Mwingereza akaigeuza jela, ikabaki hivyo hadi 1958. Pembe nazo ni za miaka ya 1950, heshima kwa ufalme wake. Kila aliyetawala aliacha alama yake, mwingine kwa mawe, mwingine kwa bati.

Sasa pita Kibokoni. Vichochoro vyembamba vya kivuli, kuta nene za mawe na chokaa, dari za boriti, na baraza mlangoni, ambapo mgeni hukaa na kuongea pasi na kuwaingilia watu wa ndani. Mtaa huo haukuchorwa na gavana yeyote. Ulitokana na mapatano ya majirani. Sisemi hapakuwa na ubwana, maana mlango wa nakshi ulimtambulisha tajiri tangu mbali.

Mwaka 2018 kaunti iliamuru majengo ya katikati ya mji yapakwe rangi nyeupe na buluu, gharama juu ya mwenye nyumba. Sikatai, mji ulipendeza. Lakini rangi huonekana pichani, mtaro wa maji taka hauonekani. Mwenye madaraka hupenda kazi inayoonekana kabla ya kura, na hapo ndipo mipango ya mji hupindia.

Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 nayo imezipa kaunti uwezo wa kupitisha au kukataa ujenzi. Karatasini mambo ni mazuri. Nimewahi kuhudhuria kikao kimoja, cha nani sitataja. Ramani ilikuwa imeshabandikwa ukutani, imekamilika, maelezo yote kwa Kiingereza. Mzee mmoja akainuka, akaisogelea, akavaa miwani.

"Mwanangu, baraza langu liko wapi hapa?"

Kijana wa ramani akamwonesha mistari miwili miekundu, akamwambia hapo itapita barabara. Mzee akarudi kitini. Tukapitishiwa daftari tutie sahihi kwamba tumeshirikishwa, kisha zikaletwa soda.