M-Pesa ilianza na mukopo: somo kwa wenye kuandika programu kwetu

Wengi Goma, Bukavu na Lubumbashi wanatuma feza kwa simu kila siku, lakini wachache wanajua kama kazi hiyo haikutengenezwa kwa kutumiana feza. M-Pesa, yenye Vodacom ilileta Kongo mwaka 2012, ilizaliwa Kenya, na mwanzoni ilikuwa mupango wa mikopo. Kwa vijana wetu wanaoandika programu, na kwa wafadhili wanaowalipa, namna ilivyogeuka ndiyo jambo la kuangalia.

Wazo lilitoka kwa Nick Hughes wa Vodafone, Uingereza. Mwenzake Susie Lonie alienda Nairobi kulitekeleza pamoja na Safaricom. Walitaka wateja wa Faulu, shirika la mikopo midogo, wapokee mukopo na kuulipa kwa simu. Mwezi wa 10 mwaka 2005 wakaanza jaribio dogo sana: wateja hawakufika 500, mawakala walikuwa na maduka 8 tu.

Hapo ndipo watu wakaanza kuitumia namna yao. Kuna walioitumia kulipana wao kwa wao. Wengine walinunua unite kwa simu, wakazituma kwa ndugu walio kijijini. Wafanya biashara waliweka feza ya mauzo ndani ya simu ili wasitembee nayo usiku. Hakuna hata moja ya mambo hayo iliyokuwa shabaha ya mukopo.

Timu nyingine ingesema watu hawajaelewa, iwafundishe tena. Hawa waliandika kila kitu walichoona. Tena upande wa mikopo ulikuwa unawasumbua: hesabu za simu na hesabu za Faulu hazikukutana kwa urahisi, kukawa na kazi nyingi ya mikono ya kuzilinganisha. Basi wakatoa sehemu ya mikopo, ile yenye proje nzima ilianzishwa kwa ajili yake. Ni jambo gumu, maana feza ilikuwa imekwisha kutumika. Mwezi wa 3 mwaka 2007 M-Pesa ikafunguliwa kwa Kenya yote na kazi moja ya wazi: tuma feza nyumbani. Mwaka haujaisha, waliojiandikisha walikuwa wamepita milioni 1.

Tusidanganyike kama ni wenye kompyuta peke yao waliofanya hiyo. Wakala akiishiwa na feza mukononi, hata programu nzuri namna gani haimusaidii mama aliye mbele ya meza yake. Kwa hiyo kumufundisha wakala, kufuata hesabu na kusikiliza malalamiko ilikuwa kazi ya timu sawa na kuandika kodi. Hata hapa Kongo ilibidi kufuata maisha ya watu: mutu anaweka dola, anaweka na franka, juu sokoni zote mbili zinatembea.

Kwetu mara nyingi mambo yanaenda kinyume. Mufadhili anatoa feza, vijana wanafungwa ofisini miezi 6, kisha kuna sherehe, picha na ripoti. Muuguzi wa kituo cha afya anaona programu siku ya mafunzo kwa mara ya kwanza. Anakuta inaomba intaneti wakati wote, na kwake moto unakatika. Anarudia daftari lake, na ana haki. Si kusema vijana hawajui kazi. Mukataba unawalipa kwa kumaliza, haujali kama kitu kinatumika.

Kuna njia isiyoomba feza ya ziada. Mwezi wa kwanza, kipande kimoja tu, labda kuandikisha wagonjwa, kipelekwe katika vituo 2. Mumoja wa waandika programu akae pale siku nzima, aangalie bila kusaidia. Na sehemu ya mwisho ya malipo ingoje miezi 3 baada ya sherehe, ilipwe kama muuguzi bado anaifungua.