Tusikimbilie Kileleni
Tunawapongeza wananchi wa Same wanaojitahidi kupunguza uzito ili kujikinga na kisukari na shinikizo la damu. Hata hivyo, hatuna budi kuonya juu ya pupa ya mwishoni. Mwili uliopungua huhitaji chakula kidogo kuliko ulipokuwa mnene. Hivyo kasi ya kilo moja kwa juma haiwezi kudumu hadi mwisho. Anayejinyima hata makande ili kuilazimisha hupoteza misuli pamoja na mafuta. Zikibaki kilo mbili au tatu, robo kilo kwa juma yatosha, mradi maharage na jembe visiachwe. Apandaye Shengena, kilele cha milima ya Pare chenye meta 2,462, hupunguza mwendo akikaribia juu, wala haambiwi ameshindwa. Mwenda pole hajikwai.