Colosseum haikuhitaji, Gede inakuhitaji

Jamaa wengi wapenda kamera hapa Kitengela wana ndoto moja: kuzunguka Ulaya wakipiga picha za magofu. Sina ugomvi na safari. Ila kama nia ni kuhifadhi historia, Colosseum haikuhitaji.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walichukua picha 150,000 za jiji la Roma kutoka Flickr, nyingi za watalii tu. Programu yao ikatafuta alama zinazofanana kati ya picha na picha, ikakokotoa kila kamera ilisimama wapi, kisha ikayajenga majengo kwa 3D. Kazi ikaisha chini ya saa 24, kwenye kompyuta zenye jumla ya prosesa 500.

Sasa fikiria Gede, mji wa Waswahili ulioachwa karne ya 17 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. Picha zake mtandaoni ni chache mno ukilinganisha na za Roma. Na kuta hazisubiri: Desemba 2020 sehemu ya Beit-el-Ajaib, Zanzibar, iliporomoka.

Basi ndugu msomaji, shika treni hadi Mombasa, kisha matatu ya Malindi, ushuke Gede. Washa GPS. Zunguka kila ukuta, kila picha irudie zaidi ya nusu ya ile iliyotangulia. Usiishie kuzituma WhatsApp, maana inazibana na kufuta data ya mahali. Pakia faili asili Wikimedia Commons, ambako mtaalamu yeyote wa kesho atazipata bure.

Mwaonaje?