Mafua Yakiisha, Pumzi Irudi Kwanza

Katika nchi yetu ya chai, kutoka Kericho hata Bomet, mvua hunyesha karibu mwaka mzima na asubuhi huwa na baridi kali. Watu hufunga milango na madirisha, na mmoja akipatwa na homa ya mafua, nyumba nzima hukohoa. Leo sitaki kueleza jinsi ugonjwa huo unavyoambukiza. Nataka kuzungumza juu ya siku zile ambapo homa imekwisha kushuka, na mtu anajiuliza: Je, nirudi shambani leo, au ningoje?

Swali hilo si dogo, maana jani la chai halingoji mtu. Likichumwa leo, baada ya siku 7 hata 14 huwa tayari tena, nalo likiachwa hukomaa na kuharibika. Wachumaji wengi hulipwa kwa kilo, na asiyechuma hana ujira. Kwa hiyo mtu huona afadhali abebe kikapu huku miguu inatetemeka. Tena hii ni nchi ya wakimbiaji. Bwana Wilson Kiprugut Chuma, mzaliwa wa Kericho, ndiye Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki, huko Tokyo mwaka 1964, katika mbio za mita 800. Basi baadhi ya vijana hudhani kwamba mbio hutoa ugonjwa mwilini pamoja na jasho.

Jambo hilo si kweli. Mafua huletwa na virusi, navyo havitoki kwa jasho. Mwili wenyewe ndio unaopigana navyo, na vita hiyo hula nguvu nyingi. Joto la mwili likipanda kwa digrii moja, moyo huongeza mapigo kama 10 kwa dakika, hata mgonjwa akiwa amelala. Akipanda kilima na mzigo wa majani mgongoni, moyo wake hubebeshwa kazi mbili kwa wakati mmoja. Mara chache virusi huingia katika nyama za moyo zenyewe na kuzifanya zivimbe. Hapo kazi ya sulubu yaweza kuufanya moyo upige ovyo, au hata usimame ghafula. Ndiyo sababu madaktari humkataza mkimbiaji mwenye uvimbe huo mbio kwa miezi 3 hata 6.

Walakini sisemi kwamba mtu alale kitandani mwezi mzima. Mwili usiotumika hudhoofika upesi. Njia njema ni kupanda ngazi moja baada ya nyingine.

Kwanza, maadamu homa ipo, pumzika na unywe maji mengi. Nenda zahanati ukapimwe damu, kwa maana malaria hufika hata katika milima hii.

Pili, kumbuka kanuni ya shingo waitumiayo wakufunzi wengi wa michezo. Dalili zikiwa juu ya shingo tu, kama kamasi na koo kuwasha kidogo, kazi nyepesi haidhuru. Zikiwa chini ya shingo, kama kifua kubana, kikohozi kizito au maumivu ya mwili mzima, kazi ingoje.

Tatu, homa ikikosekana siku mbili bila dawa ya kuituliza, tembea uani. Kesho yake fika barabarani, kisha palilia kidogo au chuma bila kubeba mzigo mzito. Ukiweza kuzungumza huku unatembea bila kutweta, umo katika kipimo chako. Ukiamka kesho umechoka kuliko jana, rudi ngazi moja nyuma. Ugonjwa wa korona, ulioingia Kenya mwezi wa Machi 2020, ulitufundisha kwamba watu wengine huchukua wiki nyingi au miezi kabla ya nguvu kurudi. Mtu kama huyo si mvivu.

Lakini ukiona maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio ukiwa umeketi, kuzimia, au pumzi kukatika, usingoje: nenda hospitali siku ile ile. Na kikohozi kisichokoma kwa majuma mawili kipimwe kifua kikuu.

Neno la mwisho ni kwa walio wazima. Mgonjwa hawezi kupumzika ikiwa majani yake yanakomaa na hakuna wa kuyachuma. Watu wa kokwet moja wakimchumia jirani yao mara moja tu na kuyafikisha mahali pa kupimia, wamempa dawa isiyouzwa dukani. Nanyi wanyapara, mpeni aliyetoka kitandani kazi nyepesi kwa siku chache. Ni afadhali akose kilo chache juma hili kuliko kukosa nguvu za mwaka mzima.