Shokapu Haina Kosa, Tazama Bushi

Wandugu, kuna ugonjwa umeenea mjini na hauna hospitali. Ni ugonjwa wa kubadilisha kabla ya kupima. Gari likigonga nyuma, fundi hata uvunguni hajaingia, tayari ameshatoa hukumu: "Kaka, shokapu zimekufa." Unatoa fedha, shokapu mpya zinafungwa, unaondoka umefurahi. Wiki haijaisha, mlio ni ule ule. Ukirudi, sasa ni springi. Ukirudi tena, ni difu. Mwishowe unaambiwa gari lako limezeeka, uza.

Mimi nasema hapana. Mara nyingi kinachogonga ni kipande cha mpira kisichojaa kiganja. Kinaitwa bushi.

Nichukue mfano wa gari ambalo wengi wetu tumepakiwa tukiwa watoto: Peugeot 504. Gari hili lilitoka mwaka 1968, na mwaka 1969 likatangazwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Huku kwetu sifa zake hazikutoka kwenye matangazo. Zilitoka barabarani. Ove Andersson alishinda nalo Safari Rally mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akarudia mwaka 1978 na 504 aina ya kupe, yenye injini ya V6. Kabla yao Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa kaka yake, yaani Peugeot 404. Kwa hiyo mtu akikwambia gari hili haliwezi barabara za Afrika, muulize amesoma wapi historia.

Mjomba wangu bado analo, saluni ya mwaka 1979. Hapo ndipo nilipojifunza uvungu wa gari.

Saluni nyingi za 504 zina mpango wa nyuma ambao kila gurudumu linajitegemea. (Zile ndefu za familia na pikapu zina ekseli moja nzima, hizo ni hadithi nyingine.) Kila gurudumu limeshikwa na mkono mkubwa wa chuma uliofungwa kwa mbele na boliti mbili. Pale boliti inapopita kuna bushi: bomba dogo la chuma ndani, bomba kubwa nje, na katikati mpira ulioshikamana na yote mawili. Gurudumu likipanda na kushuka, mpira unajisokota na kurudi. Hauzunguki, unajisokota tu. Shikeni jambo hilo, nitalirudia.

Mpira ukichanika, mkono hauna tena pa kutulia. Ukikanyaga mafuta gurudumu linasogea mbele kidogo, ukifunga breki linarudi nyuma. Maana yake magurudumu ya nyuma yanaanza kupiga kona bila ruhusa yako. Unaondoa mguu kwenye mafuta ukiwa kwenye kona, mkia unataka kwenda kwao. Katika mwendo wa 40 utacheka. Katika mwendo wa 100, na basi linakuja mbele yako, hutacheka.

Sasa jiulizeni. Habari za ajali magazetini huishia wapi? "Chanzo ni mwendo kasi." Au "gari liliacha njia." Liliacha njia kwa nini? Mwendo kasi unaua, sibishi. Lakini gari bovu halihitaji kasi kubwa ili liue, na hakuna anayeinama kutazama uvunguni.

Kupima hakuhitaji kompyuta. Kwanza sikiliza: mlio mmoja mzito unapoondoka, na mwingine unapofunga breki, si mlio wa mfululizo kila penye shimo. Pili tazama tairi za nyuma: kama upande wa ndani umelika kuliko wa nje, uliza maswali. Tatu, pandisha gari, liweke juu ya stendi imara (si jeki peke yake, tafadhali), zuia magurudumu ya mbele. Shika tairi juu na chini ulitikise, ili ujue kama kinachocheza ni beringi ya gurudumu. Kisha ingiza mtaimbo kati ya mkono na mahali ulipofungwa, usukume taratibu. Mpira mzima utakunja uso kidogo na kurudi. Mpira uliokufa utaruka, utaona nyufa, au chuma kinachong'aa kwa kusuguana na chuma kingine. Dakika 20 zinatosha. Shokapu mbili mpya hazinunuliwi kwa dakika 20 za jasho la mtu.

Kubadilisha nako kuna adabu yake. Springi imebeba gari na ina nguvu ya kuvunja mkono wako, kwa hiyo mkono wa chuma ushushwe polepole ukiwa umekalishwa juu ya jeki. Bushi kuukuu itolewe kwa presi. Wapo wanaoichoma moto mpaka mtaa mzima unanuka; moshi ule ni sumu. Mpya iingizwe kwa maji ya sabuni, si kwa oili wala grisi, kwa sababu mafuta hula mpira. Badilisha pande zote mbili, maana bushi za kushoto na za kulia zimekula barabara ile ile.

Halafu lile nililosema nitalirudia. Boliti zisikazwe kabisa gari likiwa hewani. Ukikaza magurudumu yakining'inia, kisha ukalishusha, mpira unakuwa umesokotwa kabla hata hujatoka getini, na utachanika mapema. Fundi akimaliza kufunga, gari likalie magurudumu yake, alisukume juu na chini kidogo, ndipo akaze kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu. Kosa hili dogo ndilo linalofanya watu waseme "bushi za siku hizi feki." Feki zipo, lakini si zote zilizokufa zilikuwa feki. Mwisho peleka gari likapimwe alaimenti.

Najua mtaniambia: hali ngumu, spea halisi za gari la zamani ni za kuwinda, na pale kwenye gereji bubu kuna kijana anachonga bushi kutoka tairi kuukuu la lori kwa bei ya soda mbili tatu. Namheshimu kijana yule, ana mikono ya dhahabu. Lakini kipande cha tairi hakikushikamana na bomba lolote. Hakijisokoti, kinasuguliwa tu mpaka kiishe, na kikiisha utalipa tena. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Hesabu tairi mbili zilizolika upande, ongeza shokapu ulizonunua bure, ndipo uniambie kipi kilikuwa nafuu.

Wala silaumu mafundi peke yao. Sisi wenye digrii ndio tunaofika gereji tukiwa na haraka, simu sikioni, tukisema "fanya unavyojua." Daktari akikupa dawa bila kukupima utagomba. Fundi akifanya hivyo hivyo unamlipa, na unamshukuru!

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Fundi akikutajia kilichokufa, mwambie: nionyeshe. Inama naye uvunguni, acha shati lichafuke. Akikuonyesha ufa wa mpira, mlipe vizuri, hata kwa kule kupima peke yake, maana huo ndio ufundi wenyewe. Akishindwa kukuonyesha, fedha yako ibaki mfukoni. Tukianza kulipia kupima, tutapata mafundi wanaopima. Tukiendelea kulipia kubahatisha, tutaendelea kubahatishiwa, na siku moja mkia wa gari utatuamulia njia ya kupita.

Naomba kuwasilisha.